Naamka alfajiri kama mwizi ili nipande ubao

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 22. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 17, alipata skeitibodi mpya, ule ubao wa magurudumu manne, na ile kuukuu akaniachia. Nilianza kwa utani, nikijisukuma taratibu kwenye maegesho ya magari yakiwa matupu. Sasa hivi siwezi kupita penye zege laini bila kulikagua kwa macho kama fundi.

Ubao naumudu kiasi changu. Kinachonishinda ni mahali pa kuupandia. Uwanja wa skeitibodi tulionao uko wazi kwa yeyote, hauna kiingilio wala bango la kumzuia mtu. Lakini mimi huenda saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa wawili tu, mimi na mfagiaji. Ikifika saa tatu wavulana wanaanza kuingia mmoja mmoja, na hapo mwili wangu huamua kabla yangu. Nashuka, naufuta vumbi ubao kama mtu aliyekwisha kumaliza shughuli zake, naenda kukaa kwenye ngazi. Kuanzia hapo mimi ni mpiga video wa mdogo wangu.

Hawanitukani, Shangazi. Wangenitukana ningejua la kufanya. Siku moja nilijikaza nikabaki. Nikapanda kile kirampu, yaani kiteremko cha kujengwa, kidogo kuliko vyote, ambacho watoto wa miaka 8 wanakishuka huku wanapiga soga, na uwanja mzima ukanyamaza. Nikashuka salama. Wakanishangilia kana kwamba nimeruka ghorofa! Mmoja akasema, "Safi, kwa msichana si haba." Mwingine, ambaye hata jina lake silijui, akaja nyuma yangu akanishika mabega kunipanga namna ya kusimama. Hakuniuliza. Wa tatu alikuwa ameshainua simu. Jaribio la pili nikaanguka: kwanza kicheko, halafu kimya cha huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyonichoma. Dakika hiyohiyo mvulana mmoja alianguka upande wa pili, akabingirika, akajizoa, na hakuna aliyegeuza shingo.

Njiani nako ni hivyohivyo. "Dada, ubao wa nani huo?" Kuna jengo moja la ofisi lenye kingo nzuri za marumaru, ambapo mlinzi hutufukuza sote. Wenzangu huambiwa, "Ondokeni hapa." Mimi huambiwa, "Hata wewe? Nenda nyumbani."

Mdogo wangu anasema hakuna aliyenikataza, woga ni wangu mwenyewe. Na sasa limezuka jipya: wasimamizi wa uwanja wametenga muda wa saa mbili kila Jumamosi asubuhi kwa wasichana na wanawake peke yao. Mdogo wangu amefura. Anauita ubaguzi, eti uwanja ni wa wote, na rafiki zake wananiuliza mimi, kana kwamba nilikuwepo kwenye kikao. Nami sijui kama niende. Nikienda, naona nitakuwa nimekiri kwamba saa za kawaida siziwezi. Nisipoenda, nitaendelea kuamka saa kumi na moja.

Jambo la mwisho. Wiki mbili zilizopita, alfajiri, nilijaribu kushuka ndani ya bakuli, lile shimo la zege lenye kuta za mviringo, kwa mara ya kwanza, nikaangukia kiganja. Nilikaa chini dakika kama kumi, mfagiaji yuko mbali na masikio kayaziba kwa muziki. Kifundo cha mkono bado kinauma nikigeuza ufunguo. Mama sijamwambia, tayari ananiambia magoti yangu hayafanani na ya binti wa watu.

Shangazi, kasoro iko kwangu au iko uwanjani?

*Msichana wa Alfajiri*

---

Marahaba, mwanangu.

Mimi sijawahi kukanyaga skeitibodi, na magoti yangu yananishukuru kwa hilo. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nilikwenda nikaketi kwenye benchi la uwanja wa namna hiyo, alasiri mbili, na daftari mapajani. Ufundi wao sikuuelewa. Nikaamua kuhesabu kitu ninachokielewa: nani anaanguka, na nani anamtazama.

Kulikuwa na kijana wa miaka 14 hivi, shati limelowa mgongoni, aliyekuwa anajaribu kuruka na ubao wake hadi juu ya ukingo usiofika hata magotini. Alianguka mara 19. Mara nyingine ubao ulikimbilia miguuni mwa watu, wakamrudishia kwa kuusukuma na kidole cha mguu bila kukata mazungumzo. Mara ya 20 magurudumu yakagonga juu ya ukingo na yeye akabaki amesimama. Hakupigiwa makofi. Vijana wawili waligonga mikia ya mbao zao, yaani ncha za nyuma, chini, ko ko, wakaendelea na yao. Nikaambiwa hizo ndizo pongezi za watu wa ubao.

Yale maanguko 19 ndiyo unayonyimwa. Mwenzako anaanguka kwa jina lake mwenyewe, na likipita limepita. Wewe ukianguka, wameanguka wasichana wote waliopo na wajao. Nani atajifunza kitu kwa hali hiyo? Mchezo huu mtu hafundishwi akaelewa; anaukosea hadharani mpaka mwili uchoke kuukosea. Huo uhuru wa kuboronga bila kushuhudiwa ndugu yako amekuwa nao tangu siku ya kwanza, wala hajui kuwa anao. Wewe umeutafuta alfajiri kwa sababu ndiyo saa pekee unayopewa bure.

Kwa hiyo, kasoro iko uwanjani. Woga unao, sikatai, ila umeokotwa palepale.

Na si uwanja wenu tu. Miaka ya 1990 jiji la Vienna, nchini Austria, lilichunguza bustani zake za umma, likakuta kwamba wasichana wakishavuka miaka 9 hivi wanatoweka, ilhali wavulana wanabaki. Hawakuwa wamefukuzwa. Bustani zilikuwa na eneo moja kubwa la wazi, na wenye nguvu wakishalichukua hilo, mwingine ama ashindane nao ama aende zake. Wakaenda zao. Mwaka 1999 jiji lilianza kupanga upya bustani mbili: eneo kubwa likagawanywa, vikaongezwa viwanja vya mpira wa wavu na badminton, na njia za kupita zikawa bora zaidi. Wasichana wakarudi. Mabinti ni walewale, kilichohamishwa ni uzio na njia. Mdogo wako akikuambia tena "hakuna aliyekukataza," mkubalie, kisha muulize nani alimkataza binti wa Vienna.

Kuna uongo mwingine uliofichwa kwenye ile "kwa msichana si haba": kwamba ninyi ni wageni mliokaribishwa juzi kwenye mchezo wa wenyewe. Mei 1965 gazeti la Life la Marekani liliweka kwenye jalada mtu akiwa juu ya skeitibodi, mikono imeshika ubao, miguu iko hewani. Ni mwanamke wa miaka 19, Patti McGee, bingwa wa kwanza wa kike wa nchi hiyo katika mchezo huu. Hao wanaokuambia si haba, wengi wao babu zao walikuwa hawajaoa.

Nije kwenye makofi, kwa maana barua yako imeshindwa kueleza kwa nini yalikuudhi na unajilaumu kama mtu asiye na shukrani. Mwaka 2021 skeitibodi iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Tokyo. Kwenye fainali ya wanawake ya uwanja wa bakuli alikuwepo Misugu Okamoto wa Japani, miaka 15, aliyepewa nafasi kubwa ya dhahabu. Mzunguko wa mwisho alianguka, akatoka analia, akamaliza wa 4. Washindani wake, wa mataifa mengine, wakamkimbilia wakambeba juu mabegani. Tazama tofauti, mwanangu. Wale walimbeba kwa kuwa walijua hasa alichokuwa anakijaribu na ugumu wake. Wako walikushangilia kwa kuwa hawakukutarajia kufanya lolote. Makofi ya kwanza ni ya mwenzako, ya pili ni ya mtu anayeshangaa mbuzi kupanda mti. Una haki ya kuyachukia.

Sasa Jumamosi. Nenda, tena ufike mapema.

Najua linalokukwaza. Unaona saa ya wanawake ni darasa la waliofeli. Hebu tuangalie mahali ambapo jambo hilo lilijaribiwa kwenye mazingira magumu kuliko yako. Mwaka 2007 kijana wa Australia, Oliver Percovich, alifika Kabul, Afghanistan, na mbao chache, na watoto wa mitaani wakamzunguka. Huko msichana kuendesha baiskeli ilikuwa aibu kubwa, lakini skeitibodi ilikuwa ngeni kiasi kwamba hakuna aliyekuwa amewahi kufikiria kuipiga marufuku. Wasichana wakaingia kupitia upenyo huo. Jitihada hiyo ikawa shirika, Skateistan, lililowatengea wasichana siku zao na walimu wa kike, na wasichana wakawa sehemu kubwa ya wanafunzi. Bila siku hizo wengi wao wasingeukanyaga ubao kabisa. Sijui ni nani angethubutu kuwaita wale waliofeli.

Ila nina sharti. Hizo saa mbili zitumie kama kizingiti, usihamie hapo ukatandika kitanda. Zikiisha, na wavulana wakianza kuingia, usiende kwenye ngazi. Baki dakika 15. Mtakuwa watano au sita ambao tayari mna jasho na mmezoea sakafu, na wao ndio wanaowakuta. Ni tofauti kabisa na kuingia peke yako ukiwakuta wao. Jumamosi inayofuata baki nusu saa. Wakati huo usijaribu kipya. Fanya unachokiweza, urudie, uwachoshe macho. Lengo la nusu saa hiyo ni uwe kitu cha kawaida, kama nguzo ya taa.

Halafu kuna adabu ya zamu, ambayo naona hukufundishwa kwa sababu ulijifunza peke yako. Msichana mmoja niliyemkuta uwanjani, mwenye plasta kwenye viwiko vyote viwili, alinieleza kwa subira aliyonayo mtu anayemfundisha bibi kutumia simu. Mwenye kutaka kushuka huweka mkia wa ubao juu ya ukingo na kuukanyaga kwa mguu wa nyuma, magurudumu ya mbele yakining'inia hewani. Hilo ndilo tangazo lake. Ukikaa mita tatu nyuma na ubao kifuani ukisubiri wakuone, utasubiri hadi magharibi. Si lazima wawe wabaya, wanaona hujajiandikisha. Kwa hiyo sogea, weka mkia, mtazame machoni anayetoka, kisha nenda. Akijitokeza wa kukukata njia, mwambie "zamu yangu" kwa sauti ileile ambayo ungemwambia mtu aliyekuruka kwenye foleni ya benki. Bila kucheka. Tuna mazoea sisi ya kutabasamu tunapodai haki yetu, na tabasamu hilo hutafsiriwa kuwa ni ombi.

Huyohuyo mwenye plasta nilimuuliza pia kuhusu anguko lako la bakuli. Akauliza swali moja: "Aliegemea nyuma?" Bila shaka uliegemea. Mwili ukiogopa hurudi nyuma, ubao unachomoka mbele, mkono unatangulia chini. Dawa, anasema, ni kuukanyaga mguu wa mbele kwa nguvu mpaka magurudumu yagonge mteremko, kifua kikiufuata ubao. Na kwa hilo unahitaji mtu amesimama chini, mkono kaunyoosha, ambaye *umemwomba* asimame hapo. Alfajiri hayupo.

Yule wa kushika mabega ni habari nyingine. Mtu hakushiki bila ruhusa kwa kuwa tu anajua kusimama kwenye ubao. Ondoa mkono wake, sema, "Nikihitaji nitakuomba." Hapo umemaliza, huna haja ya kufafanua. Akirudia, mpeleke kwa wasimamizi, na usijiulize mara mbili kama unakuza mambo. Mwenye simu naye mwambie aifute mbele yako. Mtu kujipiga video na wenzake ni sehemu ya mchezo, naelewa. Kumngojea mgeni aanguke ili umrushe mtandaoni ni kitu kingine.

Maneno ya njiani sina dawa yake, na sitakudanganya kuwa ninayo. Ungana na hao wa Jumamosi mwende pamoja. Na yule mlinzi wa marumaru: kufukuzwa ni haki yake, zile kingo zina mwenyewe na nta mnayozipaka ili ubao uteleze haitoki. Lakini aliposema "nenda nyumbani" alikuwa amekwisha kuacha kulinda jengo. Yuko kwenye kulinda kitu kingine ambacho hakuajiriwa kukilinda.

Mdogo wako nampenda, kusema kweli. Alikuachia ubao. Mkalishe umwambie kwamba zile saa mbili hazimpunguzii kitu anachokitumia. Wangapi katika kundi lake wako uwanjani Jumamosi asubuhi, wakiwa bado hawajatoa mashuka miguuni? Mpe na kazi. Rafiki yake akisema "kwa msichana," ajibu yeye. Wewe ukijibu utaitwa mkali, yeye akijibu itakuwa mzaha wa wanaume wenyewe kwa wenyewe, na utafika. Sio haki, ndiyo, lakini kwa leo tutumie kilichopo. Na kuanzia sasa ajipige video mwenyewe. Simu inasimama vizuri tu ikiegemezwa kwenye kiatu.

Ukikata tamaa, tafuta ile video ya Rayssa Leal, binti wa Brazil, akiwa na miaka 7. Kavaa gauni la buluu lenye mabawa, anajaribu kuruka ngazi fupi huku ubao unazunguka chini ya miguu yake. Anaanguka. Anaanguka tena. Halafu anatua. Watu huikumbuka ile ya mwisho tu. Mimi nairudia ile ya kwanza, namna anavyoinuka na mabawa yake bila kuangalia nani kaona. Tokyo alipata medali ya fedha akiwa na miaka 13.

Sasa kifundo, ambacho ulikitupia mwishoni kama kitu kidogo. Nyoosha kidole gumba juu kabisa, utaona kijishimo kinachojitokeza kwenye kifundo, chini ya kidole hicho. Kibonyeze. Ikiwa maumivu yako hapo, nenda hospitali kesho asubuhi, usingoje Jumamosi. Kuna kimfupa kidogo humo ambacho wanaoangukia kiganja hukivunja sana. Kikipata ufa, picha ya kwanza ya eksirei inaweza isioneshe kitu, na kisipofungwa vizuri huweza kukataa kuunga kwa sababu damu hukifikia kidogo. Daktari akikuambia picha iko safi lakini kijishimo bado kinauma, mwambie hivyohivyo, na muulize urudi lini kupigwa nyingine. Mpaka hapo, ubao ukae mlangoni. Jumamosi nenda hata hivyo, ukakae nao, ujue majina yao. Siku ya kurudi, vaa kinga za viganja na helmeti. Sky Brown wa Uingereza alivunjika fuvu mazoezini mwaka 2020 akiwa na miaka 11, na kofia ndiyo iliyomwachia nafasi ya kwenda Tokyo mwaka uliofuata akarudi na medali ya shaba.

Na mama mwambie leo, kabla hajakukuta mlangoni unafungua kitasa kwa mkono wa kushoto.

*Shangazi*